Kambu wa Mto Daua



Rhamu ni mji wa Kaunti ya Mandera, ukingoni mwa mto Daua. Ng'ambo ya maji ni Ethiopia. Nyuma ya mji nchi ni kavu, yenye miba. Kando ya mto pana migunga mikubwa, mikoma, na mashamba ya vitunguu na migomba yanayomwagiliwa kwa pampu. Hapo, mwezi wa Aprili, zianzapo mvua ambazo Wasomali huziita gu, tuliwaona ndege wa buluu wametua juu ya matawi makavu, migongo yao rangi ya kahawia nyekundu. Hao ni kambu wa Ulaya.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa kalenda yao, kwani ni ile ile ya majahazi. Hushuka kwetu kaskazi inaposhika, wakakaa katika mbuga za mashariki na kusini mwa Afrika. Kusi inapoanza hupanda kupitia mashariki mwa Kenya na Somalia, wakavuka bahari hadi Bara Arabu, kisha wakatawanyika kutoka Ulaya hadi Kazakhstan, ambako hutaga katika mashimo ya miti mizee. Aya ya 19 ya Suratul Mulk yatutaka tuwatazame ndege walio juu yetu. Wengi twaisoma kila usiku. Wachache tuinuao macho.

Kambu hula panzi, mende na nzige. Nzige wa jangwani walipoingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, walipitia Mandera hii hii, na baadaye dawa zikanyunyizwa. Sumu imwuayo mdudu humnyima ndege riziki yake. Mkulima mmoja alitwambia kwamba hamfukuzi kambu shambani, kwa kuwa ni kibarua asiyedai ujira. Tuliona kauli hiyo ina fiqhi ndani yake.

Hata hivyo migunga inakatwa kwa ajili ya makaa, na wavulana hutembea na manati shingoni. Kambu afaye Aprili ni mzazi aliyekuwa njiani kwenda kutaga, na panzi alao hapa ndio nguvu yake ya kuvukia bahari. Wengine huvuka salama, wakawindwa Oman.

Mama mmoja wa Rhamu amekwisha kusanya manati za wanawe, akazifungia sandukuni hadi gu ipite.