Miongo Thelathini na Sita

Wakulima na mabaharia wa visiwa vyetu walikuwa na hesabu yao ya mwaka, isiyofuata kalenda ya Kizungu wala mwezi mwandamo. Waliuanzia mwaka kwenye Nairuzi, wakazihesabu siku zake kumi kumi, na kila kumi ikaitwa mwongo. Miongo thelathini na sita, ukiongeza na siku tano za mwisho, mwaka ukatimia. Makunduchi wangali wakiuoga mwaka huo kila Julai, na wageni huja kupiga picha za moto na za wanaume wanaochapana kwa migomba. Hesabu ya miongo yenyewe ina wachache waijuao. Mimi naitumia kwa jambo ambalo pengine wazee wale hawakulikusudia: kupanga kazi za mikono za mwaka mzima, za kushona na za kusuka.

Mwezi ni mrefu mno kwa kazi hizi, na wiki ni fupi. Mwenye kusema kwamba kofia ataimaliza kwa miezi minne, mwezi wa kwanza huupitisha kwa matumaini. Mwenye kusema ataanza wiki hii, Jumamosi itamkuta harusini na Jumapili matangani. Mwongo una nafasi ya harusi moja na msiba mmoja, na bado ukabakiza siku saba nane za sindano.

Ama kuhusu sikukuu, hizo zina saa yao nyingine. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo Idi huzunguka misimu yote. Mwaka 2000 tulisali Idi ndogo mara mbili, Januari na tena Desemba. Mshoni hana budi kuhesabu kwa mwezi siku ambayo nguo itavaliwa, na kuhesabu kwa upepo siku ambayo nguo itashoneka. Kofia nyeupe haishoneki vyema wakati wa kaskazi, kwani jasho la vidole huacha alama ya manjano kwenye kitambaa. Kusi ndio wakati wake. Ukindu nao hutaka jua la kaskazi ili ukauke uwe mweupe, lakini kuusuka ni raha zaidi wakati wa mvua, hewa inapoulegeza usikatike.

Katika daftari langu kila mwongo una safu mbili, mchana na usiku. Nimegawa hivyo kwa sababu ya macho. Kofia ya viua ni kazi ya mchana. Kitambaa hukunjwa mara mbili, ruwaza huchorwa kwa penseli, na kila kiua, yaani kila kitundu, hutobolewa na kuzungushiwa uzi mpaka mdomo wake ukaze. Nami nimekwisha kufika umri wa kuvua miwani ili kutunga uzi sindanoni na kuivaa tena ili kushona. (Ni neno hilo hilo, kutunga, tunalolitumia kwa shairi na kwa ushanga, Waswahili hawakuona haja ya kutafuta maneno matatu.) Saa nilizo nazo za mwanga wa kufaa ni tatu kwa siku, tangu saa tatu asubuhi hadi saa sita, na saa hizo hizo ndizo akili yangu inapofanya tafsiri vizuri. Hapo ndipo penye ushindani wa kweli. Tafsiri hunilisha, kofia hainilishi. Kofia zilizotobolewa kwa mashine zimejaa madukani, na anayezinunua hana haja ya kungoja.

Lakini kofia hii si ya kuuza. Mtoto wa ndugu yangu ataoa Shaabani, na ameomba aivae iliyotoka mkononi mwa shangazi yake. Nimeipa miongo kumi na miwili, kuanzia Nairuzi hadi mvua za vuli, na miwili mingine ya tahadhari, kisha ifuliwe, itiwe wanga na ikaushwe juu ya gogo lake ishike umbo. Hapo awali niliandika kofia mbili, ya pili kwa mdogo wake anayeishi Maskati, ambako wenyewe huiita kumma na huvaliwa kila siku. Nikahesabu saa za mwanga, nikaikata. Yeye atapata kanzu, ambayo mwili wake wote naweza kuushona kwa cherehani usiku, nikabakiza shingo tu kwa mkono.

Kazi ndogo sizipi safu. Kanga za Idi, ambazo huuzwa doti kwa doti zikiwa hazijakatwa, nitazikata na kuzipinda jioni mbili tatu. Matamvua ya kikoi huyafunga yeyote anayekuja kukaa barazani nami.

Liko jambo jingine, na hili ni la mtafsiri kuliko mshoni. Kamusi zetu zinayo maneno mtande na mshindio: nyuzi zilizotandwa kwa urefu, na uzi unaozipita kwa upana. Zinacho pia kitanda cha mfumi. Nikiwauliza majirani zangu maneno haya, wengi hunitazama kama niliyesema Kiajemi. Wala si ajabu, maana vitanda hivyo vimetutoka. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zikifumwa humo na kupelekwa hata Misri. Wareno wa karne ya kumi na sita waliandika habari za nguo za hariri za Pate. Kilwa na Shanga, wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, vya kusokotea pamba. Kisha ikaja merikani, shuka nzito ya Wamarekani, hasa baada ya mkataba wao na Sayyid Said wa 1833. Ikawa rahisi, ikawa imara, na mfumi wa pwani akabaki na maneno yake. Mogadishu walishikilia kufuma. Sisi huku ufumaji wetu ukabaki wa majani.

Kwa hiyo nimeandika: mkanda mmoja, upana wa vidole vinne, wa pamba, juu ya fremu ya vijiti nitakayoigonga mwenyewe. Hautakuwa na matumizi makubwa, labda kufungia daftari. Nataka nijue kwa vidole mtande hukazwa kiasi gani kabla haujakatika, kwani nina kitabu mezani ambacho mwandishi wake ametegemeza sura nzima juu ya jambo hilo, nami sipendi kuyabeba maneno yasiyowahi kunipita mkononi.

Mwisho ni msala. Mama aliniomba msala wa ukindu mweupe, usiotiwa rangi hata jani moja, si ya unga wala ya mdaa. Nikamuuliza autaka lini. Akasema, "Ukijaaliwa, mwanangu."

Katika kupanga mwaka, hiyo ndiyo tarehe ya hatari. Kazi yenye siku yake huila kazi isiyo na siku. Harusi itadai, Idi itadai, mwenye kitabu atapiga simu. Aliyesema "ukijaaliwa" hatapiga. Mama ana miaka themanini na mitatu. Basi msala nimeutoa chini ya ukurasa nikauweka juu kabisa, katika safu ya usiku, kwa kuwa ukili husukwa kwa kupapasa na hauhitaji macho. Nimeupimia hivi: urefu mikono mitatu, upana mkono mmoja na nusu. Mkono ni vidole ishirini na vinne, kwa hiyo upana ni vidole thelathini na sita, na ukili wangu ni wa vidole vinne. Zatoka kili tisa, kila moja mikono mitatu, jumla mikono ishirini na saba, karibu pima saba. Nikisuka mkono mmoja kila usiku ni miongo mitatu kasoro siku tatu. Mwongo wa nne ni wa shazia, kuziunga kili na kupinda kingo. Msimu si wake, najua. Ukindu wa kusi nitaunyunyizia maji kila usiku ulegee.

Siku tano za mwisho wa mwaka nimeziacha tupu. Mkanda nimeupa mwongo wa thelathini na tano, na sidhani utatosha.

Jana nilileta mzigo wa ukindu kutoka Darajani. Mama, ambaye haoni tena ila mwanga na kivuli, aliupitisha vidoleni jani kwa jani, akaunusa, akasema bado una ubichi, uanikwe jua mbili nyingine. Msala utaanza kusukwa keshokutwa.