Bildi na Mwangwi

Watu hustaajabu wasikiapo kwamba mimi, mkufunzi wa uhandisi wa umeme hapa Bujumbura, nilijifunza ualimu melini. Kabla ya kushika chaki, kwa miaka mingi kazi yangu katika bandari ya Mombasa ilikuwa kutengeneza redio, rada na mitambo ya kupimia kina cha maji. Chumvi hula nyaya upesi, na meli haimngoji fundi. Hivyo nilizoea kumweleza baharia, kwa maneno machache, mtambo wake una kasoro gani na auamini kwa kiasi gani.

Mabaharia wazee hawakuwa wageni wa elimu hiyo. Wao walikuwa na bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kambani na kutoswa majini ili kujua kina. Mtambo wa umeme huuliza swali lile lile, ila badala ya kamba hupeleka sauti chini na kungoja mwangwi wake. Majini sauti huenda kadiri ya mita 1,500 kwa sekunde. Katika Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kikubwa ni kama mita 1,470, mwangwi kutoka huko chini hurudi baada ya sekunde 2 hivi: moja ya kushuka, moja ya kupanda.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama. Kanuni wameikariri kwa Kifaransa, na huiandika vizuri. Lakini wasahaupo kugawa kwa 2 hawashtuki, kwa kuwa safari ya sauti hawajaiona. Darasani kosa hilo hupunguza alama tu. Melini, penye mita 4 nahodha angesoma 8, akasonga mbele kwa matumaini, na chombo kikapanda mwamba pamoja na watu wake. Niwasimuliapo habari za bildi kwa Kiswahili, safari ile huiona, na kanuni huwa mali yao.

Basi, walimu wenzangu, tusidhani kwamba istilahi za ufundi hutungwa katika ofisi peke yake. Nyingine zimo vinywani mwa manahodha na mafundi, nao wanazeeka. Twendeni tukaziandike, kabla hazijazikwa pamoja nao.