Kusoma Rangi za Nchi

Tangu zamani mkulima hodari huinama, akashika udongo, akautazama rangi yake kabla ya kupanda. Siku hizi wako watazamao udongo huo huo kutoka juu ya mawingu. Marekani ilirusha setilaiti yake ya kwanza ya kuchunguza nchi kavu, Landsat 1, tarehe 23 Julai 1972. Na watu wa Ulaya walianza kurusha zao, ziitwazo Sentinel-2, mwaka 2015. Picha zake hutolewa bure, hata mwalimu wa kijijini aweza kuzipata. Mimi nazitumia darasani hapa Kilosa, nami napenda kueleza faida yake, na hatari yake pia.

Kwanza ifahamike ya kuwa rangi za picha nizitumiazo si zile tuzionazo kwa macho. Jani lenye afya hurudisha kwa wingi miali isiyoonekana na mwanadamu, iliyo jirani ya nyekundu. Setilaiti huipokea, nayo katika picha hupewa rangi nyekundu ili tuione. Basi msitu wa milima ya Ukaguru huonekana mwekundu sana. Maji safi huwa meusi. Maji ya tope huelekea samawati. Na ardhi isiyo na majani huwa ya kijivu au nyeupe-nyeupe.

Faida ni kubwa. Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukaharibu reli, na maelfu ya watu wa Kilosa wakahama nyumba zao. Aliye chini huyaona maji ya mlangoni pake tu. Picha huonyesha bonde zima, toka milimani yatokako maji hadi uwanda wa Mkata yaendako. Tukilinganisha picha za miaka mingi twaona wapi miti imepungua mlimani, na hapo ndipo mvua hushuka mbio pamoja na udongo.

Walakini rangi hudanganya. Wanafunzi wangu walipoona madoa meusi katika picha ya Mikumi ya mwezi wa Septemba, walisema kwa sauti moja, “Mabwawa!” Nikawauliza, “Ni bwawa gani lizaliwalo wakati wa kiangazi?” Wakanyamaza, kisha msichana mmoja akasema, “Mwalimu, nyasi zimeungua.” Ndivyo ilivyo: majivu na maji hufanana yakitazamwa toka juu. Msichana yule hakufundishwa hayo na picha, bali na macho yake, maana amezoea kuuona moto wa nyika kila mwaka.

Kosa la namna hii huleta madhara makubwa likiwa katika hesabu ya ardhi. Shamba lililokwisha kuvunwa huonekana jeupe kama jangwa. Konde lililopumzishwa hufanana na pori. Na malisho ya wafugaji hayana alama yo yote. Tena Landsat hugawa nchi kwa vipande vya mita 30 kila upande, hata ekari moja haijazi vipande vitano. Mtu wa mbali akiwa na picha moja ya kiangazi aweza kuandika, “Ardhi hii ni tupu,” kumbe ina wenyewe. Nasi hapa twajua thamani ya neno hilo: Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji.

Kwa hiyo, ndugu zangu walimu, tuwafundishe watoto kuzisoma picha hizi, wasiachiwe wageni peke yao. Wajifunze kulinganisha picha ya masika na ya kiangazi, kisha waende kwa miguu mpaka mahali penyewe, wamwulize alimaye na achungaye. Picha iulize, mwenye nchi ajibu, ndipo kalamu iandike.