Mchochea Moto

Msomaji, uwasikiapo watu wa Ayalandi wakiyasikitikia magari yao ya moshi ya zamani, usidhani kwamba waikumbukayo ni filimbi tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili makaa ya mawe yatokayo Uingereza yalipungua mno, na yaliyofika yalikuwa mabaya, mengine kama vumbi. Mchochea moto alitia beleshi baada ya beleshi, lakini mvuke haukupanda. Takataka ziliyeyuka zikagandamana chini ya tanuri, zikaizuia hewa. Basi gari lilisimama njiani, naye, jasho likimtiririka usoni na baridi ikimpiga mgongoni, akaukomba moto wote, akautupa nje na kuwasha mwingine. Abiria walingoja, wengine, nadhani, walinuna.

Mwaka 1957 ilitengenezwa injini ya kutumia udongo mweusi wa mabwawani, uliokaushwa, badala ya makaa. Ilikuwa moja tu. Dizeli ilikwisha shinda. Katika Jamhuri ya huko kazi ya mvuke ilikoma mwaka 1963. Simlaumu aliyeifurahia dizeli. Lakini ule ujuzi wa kuutambua moto kwa rangi yake na kwa mvumo wake, uliopatikana kwa miaka ya kuunguzwa vidole, haukuwa tena na mnunuzi.