Usiingie Maternite Peke Yako

Lubumbashi, komini ya Kenya

Mwanangu mpendwa,

Mama yako amenipigia simu: mimba imetimiza miezi saba na utazalia huko huko Likasi. Nimefurahi mno. Lakini kuna neno limeninyima raha. Eti umesema hutaki kusumbua mtu. Uchungu ukikushika, mume wako atakufikisha kwa taksi mpaka mlangoni, yaliyobaki watafanya wauguzi. Hapana, mwanangu.

Wauguzi wana kazi yao. Usiku mkunga mmoja anaweza kuwa na wazazi wanne au watano. Anakupima njia, anasikiliza moyo wa mtoto, anaandika, kisha anaitwa kitanda kingine. Simlaumu. Ila uchungu wa mimba ya kwanza unaweza kuchukua saa 12, hata 18, na muda huo wote unahitaji mtu asiyeitwa kwingine. Kuna nchi ambako mwanamke wa kazi hiyo anafundishwa na kulipwa, wanamwita doula. Hazalishi, hapimi, hatoi dawa. Anakaa nawe. Anakukandamiza kiuno maumivu yakipanda, anakuinua utembee, anakunywesha maji, anakukumbusha kukojoa maana kibofu kikijaa kinamzuia mtoto kushuka. Daktari akisema jambo ukiwa katikati ya maumivu, yeye ndiye anayelisikia vizuri na kukurudilia pole pole.

Wala usidhani ni anasa za Wazungu. Huko Guatemala, utafiti uliotolewa mwaka 1980 ulifuata wanawake 40 wa uzazi wa kwanza. Nusu yao waliwekewa mwanamke wa kukaa nao, mgeni kabisa kwao. Hao walichukua wastani wa saa 8.7 tangu kupokelewa mpaka kuzaa; wenzao waliokuwa peke yao walichukua saa 19.3. Walikuwa wachache, ni kweli. Lakini mwaka 2017 zilikusanywa tafiti 26 kutoka nchi 17, zenye wanawake zaidi ya 15,000, na jibu likaelekea kule kule: anayesindikizwa mwanzo mpaka mwisho hukaa na uchungu muda mfupi kidogo, na hupasuliwa mara chache zaidi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mwanamke awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe. Sababu ya matokeo hayo iko mwilini: ukiwa peke yako hofu inapanda, na homoni inayokaza mji wa mimba inavurugika, uchungu unalegea.

Nkambo wako alizaliwa katika maternite ya kampuni ya migodi, Union Minière. Tangu miaka ya 1920 kampuni ilianza kutaka wafanyakazi wakae kambini na wake zao na watoto, na uzazi ukaingia mikononi mwa madaktari wake. Palikuwa na usafi, dawa na sabuni, na sitasema neno baya juu ya hayo, kwa sababu yaliokoa watu. Ila alikuwa akisimulia kwamba mama yake mzazi alizaa huku ndugu wa familia wakingoja nje ya ua. Kwa Wabemba, nachimbusa aliyemfunda msichana kabla ya ndoa ndiye aliyekuwa naye hata siku ya kuzaa. Kule kambini nafasi hiyo ikabaki tupu. Gécamines, iliyorithi kampuni hiyo, ilipoanguka miaka ya 1990, familia nyingi zikapoteza matibabu ya kampuni, na sasa mzazi anaingia maternite akiwaza uchungu na faranga kwa pamoja. Kwa nini abebe yote mawili peke yake?

Basi mchague mtu wako sasa. Si lazima awe mama mkwe wala awe mimi. Botswana walijaribu na ndugu wa kike wa mzazi, matokeo yakawa mazuri, kwa hiyo ndugu anafaa. Lakini awe mtulivu. Shangazi anayelia kabla yako atakuongezea hofu. Na mtu yeyote atakayekuja na dawa ya mizizi ya kuharakisha uchungu, mkatalie hata kama ni mkubwa wako. Dawa hizo zinaweza kukaza mji wa mimba kupita kiasi, ukapasuka. Anayetaka kukukandamiza tumbo ili mtoto atoke, mkatalie vile vile.

Siku ya CPN, ile ya kupimwa mimba, mwende wote wawili, wewe na msindikizaji wako. Waulizeni waziwazi kama anaruhusiwa kukaa nawe ndani, tangu lini mpaka lini. Wakikataa, waulizeni sababu, na kama Likasi kuna maternite nyingine inayokubali, fikirieni kubadilisha mapema. Mume wako asione ametengwa: pesa, usafiri na mtu wa kutoa damu ikihitajika, hiyo ni kazi yake na ni kubwa. Msindikizaji wako naye asiondoke mtoto akishatoka. Saa za kwanza ndizo za hatari ya kutokwa damu. Awe anatazama kikwembe chini yako, na kikiloa upesi amwite mkunga hapo hapo, asione haya.

Ukinichagua mimi, nitakuja wiki tatu kabla ya tarehe waliyokupa. Niambie mapema tu, nimtafute wa kukaa kwenye meza yangu sokoni.

Mama yako mkubwa