Kalafati

Usipoziba ufa utajenga ukuta: hiyo ni methali ya nchi kavu. Baharini ukuta haujengwi upya.

Mzee mmoja wa Matondoni, kisiwani Lamu, alipweleza jahazi lake kwa maji ya bamvua, akakuta nyufa baina ya mbao za ubavuni. Shehena ilikuwa ikingoja, na mwanawe alikwisha nunua silikoni mjini. "Baba, hii tukiipaka leo, kesho twasafiri."

Mzee hakumkemea. Alimpa kipande cha ubao wa kale ulioshiba sifa, yale mafuta ya papa. "Paka, na kesho ubandue." Kesho yake silikoni ilibanduka nzima, kama gamba la nyoka.

Ndipo alipomweleza. Ubao hunywa maji ukavimba. Ukipigwa na jua hunywea. Kinachotiwa kati ya mbao mbili sharti kikubali kushika, kubanwa na kulegea. Pamba iliyolowekwa mafuta, ikasokotwa na kushindiliwa kwa chembeu na nyundo, hungoja. Chombo kikishushwa, mbao huvimba zikaibana, na bahari yenyewe ikamaliza kazi ya fundi. Kisha chini hupakwa shahamu na chokaa.

"Silikoni si mbaya, mwanangu. Ipe kioo, ipe bati. Ubao huu wataka kitu cha kwenda nao."

Kijana akaketi mchangani, akaanza kusokota pamba. Shehena iliwangoja. Afadhali ingoje pwani kuliko kutafutwa na wapiga mbizi.