Jibu na Mwenye Kuuliza

Kuuliza ni haki ya akili, na kujibu ni deni la imani. Lakini madeni hayalipwi kwa namna moja. Kuna mtu hulipa kwa adabu, akamwacha mdai wake na heshima yake. Na kuna mtu hulipa kwa kumtupia mdai fedha usoni. Wote wawili wamelipa, walakini wa pili amejipatia adui. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, aliwaagiza waumini wasikose jibu mbele ya mtu atakaye kujua msingi wa tumaini lao, na papo hapo akalifungia jibu hilo sharti la upole na heshima. Aghalabu agizo hukumbukwa, na sharti husahauliwa.

Sharti hilo lina kazi kubwa Handeni na Korogwe. Katika karne ya 19 njia ya misafara iliyotoka Pangani ilipanda na bonde la mto Ruvu, na pamoja na biashara ya nguo na pembe za ndovu Uislamu ulifika kwa Wazigua na jirani zao. Baadaye wamisionari wa UMCA walitoka Unguja wakajenga Magila katika nchi ya Wabondei, kisha wakafika Korogwe, na Kideleko karibu na mji wa Handeni. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakakusanya watu wa makabila mengi. Matokeo yake si mji uliogawanyika, huku Waislamu na huko Wakristo. Matokeo yake ni nyumba moja yenye Ramadhani na Kwaresima. Mtoto huyu huitwa Rajabu na nduguye huitwa Yohana, na mama yao ni mmoja. Kuku akichinjwa katika nyumba ya Mkristo, kisu hupewa Mwislamu, ili kila mgeni ale bila shaka moyoni.

Katika nchi ya namna hiyo swali juu ya dini haliulizwi na mgeni. Huulizwa na ndugu. Kwa sababu hiyo mihadhara ya hadhara, iliyoenea katika miji ya Tanzania katika miaka ya 1980 na 1990, iligusa nyumba kuliko ilivyogusa vitabu. Wahadhiri walisimama viwanjani na Biblia mkononi, Waislamu kwa Wakristo, wakasomeana aya na kushangiliwa. Wasikilizaji walirudi nyumbani na maswali yaliyonolewa kama visu.

Mashindano hayo hayakuwa mapya. Mwaka 1923 Godfrey Dale, padri wa UMCA, alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, akaiambatisha na maelezo ya mtu asiyekuwa Mwislamu. Waislamu wengi waliiona kuwa shambulio. Waahmadiyya walitoa tafsiri yao mwaka 1953, na mwaka 1969 Sheikh Abdullah Saleh Farsy akakamilisha yake, akiwasahihisha wote waliomtangulia. Lugha ilitajirika kwa ugomvi huo; lakini ni vigumu kusema kwamba ujirani nao ulitajirika.

Katika miaka hiyo ya mihadhara alikuwako karibu na Kideleko mwalimu mmoja mzee wa dini, mtu wa jembe siku sita na wa kanisa siku ya saba. Dada yake alikuwa Mwislamu, ameolewa Korogwe. Mwana wa dada huyo, kijana mwenye bidii ya kusoma, alihudhuria mihadhara kwa muda wa mwezi mzima. Kisha akapanda basi kwenda Handeni kumwuliza mjomba wake. Mkewe mwalimu alipomwona tu alikamata kuku, na mwalimu akamletea mgeni kisu kama ilivyokuwa desturi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kuku huyu ni wako, mchinje."

"Nisamehe, mjomba. Nimekula njiani."

Mwalimu alifahamu. Mpwa kukataa kuku wa mjomba wake si jambo la tumbo. Akakirudisha kisu mahali pake, kuku akafungwa mguu penye kibanda, na watu wawili wakaketi penye taa.

Swali la kwanza lilikuwa hili: "Mungu alimteremshia nabii Isa Injili moja. Ninyi mna nne. Hizo nyingine mmezipata wapi?"

Mwalimu alisema kwamba neno ni moja na maana ni mbili. Kwa Mwislamu, Injili ni kitabu kilichoteremshwa kwa nabii. Kwa Mkristo ni habari njema, ndiyo maana ya neno lenyewe katika Kiyunani, na habari hiyo ilitangazwa kwa midomo kabla ya kuandikwa. Habari ni moja. Walioiandika ni wanne. Luka mwenyewe anaanza kitabu chake kwa kukiri kwamba wengi walikwisha kuandika mbele yake. "Barazani," akasema, "mashahidi wanne wakisema neno kwa neno sawasawa, wazee hushuku kwamba wamefundishwa." Kijana akauliza kama mashahidi hao hupingana. Mwalimu hakuficha. Mathayo anamtaja baba yake Yusufu kuwa Yakobo, na Luka anamtaja kuwa Eli. Wataalamu wametoa maelezo mengi, na hakuna lililowaridhisha wote.

Hapa yafaa kutua kidogo. Maneno mengi ya Mkristo wa Kiswahili yalikuwa tayari vinywani mwa Waislamu kabla ya padri wa kwanza kufika: Injili, Taurati, Zaburi, nabii, malaika, sala, dhambi, toba, imani. Ludwig Krapf, aliyeanza kufasiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere, aliyefanya kazi hiyo Unguja, walijenga kwa mawe waliyoyakuta. Karl Roehl alijaribu kupunguza maneno ya Kiarabu katika Agano Jipya la mwaka 1930 na Biblia ya mwaka 1937. Lakini Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, iliyoenea kuliko zote, iliyaacha mengi mahali pake. Basi ndugu wawili hutamka neno moja, na kila mmoja hudhani mwenziwe amelisikia kama alivyolisikia yeye. Maswali mengi huzaliwa hapo, wala si katika ukaidi wa moyo.

Swali la pili lilithibitisha jambo hilo. "Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Mwasemaje ana mwana?"

"Baharia huitwa mwanamaji," mwalimu akajibu, "na maji hayakuoa. Wewe ni mwananchi, wala nchi haikuchukua mimba yako. Hakuna Mkristo asadikiye kwamba Mungu alikuwa na mke. Neno hilo likisemwa, nami nalikataa pamoja nawe." Kijana akatabasamu kwa mara ya kwanza. Lakini mwalimu aliendelea, na hapa uaminifu wake ulionekana, maana mshindani angalinyamaza. Alisema kwamba mfano huo humfikisha mtu nusu ya njia tu. Tangu mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 kanisa limeungama zaidi ya uhusiano wa baharia na maji: kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. "Hapo tunaachana," akasema, "na afadhali uniache penye njia panda iliyo wazi kuliko nikupitishe gizani."

Swali la tatu lilihusu maandiko yenyewe, kama yamebadilishwa. Mwalimu alisema kwamba nakala za kwanza zilizoandikwa na mitume hazipo. Zilizopo ni nakala za nakala, zilizoandikwa kwa mkono. Alieleza habari za mapango ya Qumran, ambako kuanzia mwaka 1947 yalionekana magombo ya kale, na miongoni mwake lilikuwamo gombo zima la Isaya, kubwa kwa umri kuliko nakala za Kiebrania zilizojulikana kwa miaka kama elfu. Tofauti zimo, nyingi ndogo. Maneno kwa jumla ni yale yale. Kisha akafunua, bila kuulizwa, sura ya tano ya waraka wa kwanza wa Yohana. Akaeleza kwamba maneno yaliyosomwa kwa karne nyingi juu ya mashahidi watatu wa mbinguni, yaani Baba, Neno na Roho, hayamo katika nakala za Kiyunani zilizo za kale sana, na kwamba neno "Utatu" lenyewe halimo popote katika Biblia. "Imani yetu juu ya jambo hilo ilikusanywa katika mafundisho mengi," akasema, "haikusimama juu ya aya hiyo. Lakini aliyekuambia kwamba aya hiyo iliongezwa hakusema uongo."

Kijana alinyamaza. Mfukoni mwake ilikuwamo karatasi iliyokunjwa, na juu yake aya iyo hiyo imeandikwa kwa wino, imewekwa ya mwisho kama mshale bora podoni. Aliitoa, akaitazama, akairudisha.

"Hujanishawishi, mjomba," akasema.

"Sikutaka ulale ukiwa na deni langu," akajibu mzee.

Asubuhi, kabla ya basi la Korogwe, mke wa mwalimu alimkuta mpwa wao amesimama penye kibanda. Akaomba maji, kisha akauliza kisu kilikowekwa.

Hakubatizwa, na mjomba wake hakusilimu. Atafutaye ushindi ataona usiku ule ulipotea bure. Lakini mama mmoja Korogwe, aliyengoja kwa hofu kujua kama mwanawe na nduguye wangali wakila chungu kimoja, hakuuona hivyo. Imani ya mtu huweza kukaa bila kujibiwa swali moja au mawili. Udugu haukai baada ya jibu la dharau. Anayejibu kwa kweli, hata kweli inayompunguzia hoja, humwachia mwenye kuuliza mlango wazi wa kurudi na swali la kesho.